Lisbon kwa siku nne, tukianzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Wageni wanaonifikia Lisbon kutoka Dar, Mombasa au Zanzibar huja na orodha zao tayari: tramu ya njano, vile vikeki vya krimu ya mayai, mnara wa kando ya mto. Siwakatazi, maana vyote ni vizuri na vyote nimeviweka humu. Ila siku ya kwanza siwapeleki huko. Nawapeleka makumbusho, mbele ya sanduku la kioo lenye chombo cha dhahabu ambacho kitako chake kina jina la Kilwa. Mtu wa pwani akianza na hicho, kila jumba atakaloliona baada ya hapo atajiuliza mali iliyolijenga ilitoka wapi. Asipokiona, anarudi na picha tu.

Kwa hiyo fuata mpangilio nilioupanga, hata kama itabidi upunguze siku. Mwenye siku mbili afanye ya kwanza na ya tatu.

Kabla ya kupanda ndege

Ureno imo katika eneo la Schengen. Ombi la visa hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na muda wa kawaida wa kulishughulikia ni siku 15, ingawa unaweza kurefushwa hadi 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Mara nyingi kinachowakwamisha watu ni kupata siku ya miadi, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla. Tazama mapema ubalozi upi unashughulikia maombi ya Ureno kwa nchi yako.

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, halafu Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua linachoma na foleni haziishi. Kuanzia Novemba mvua huingia. Ukiweza kuwepo usiku wa tarehe 12 Juni kuamkia 13, uwepo: ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ambaye dunia inamwita wa Padua lakini alizaliwa hapa Lisbon. Vichochoro vyote vya Alfama hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa nje ya milango, na watu hawalali.

Viatu ni jambo la kusisitiza. Njia za miguu za mji huu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe, na vyeusi vya kutilia nakshi. Vimesuguliwa na nyayo kwa miaka mingi hadi vinang'aa, na vikilowa vinateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Chukua raba zenye soli laini inayoshika. Viatu vya soli ngumu viache nyumbani, hata kama ndivyo vinavyopendeza kwenye picha.

Jambo la mwisho la kupanga ni Jumatatu. Makumbusho mengi ya serikali, pamoja na monasteri ya Jerónimos, hufungwa siku hiyo. Ngome ya São Jorge haifungwi. Kwa hiyo ipe Jumatatu siku ya Alfama na ngome, na siku nyingine zipange kuizunguka hiyo. Pia fungua tovuti ya kila mahali siku chache kabla hujaenda, kwa sababu majengo haya ya kale hufungwa kwa ukarabati kwa miezi mingi mfululizo.

Ukitua

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, na metro inafika hapo hapo, njia nyekundu. Kwenye mashine nunua kadi inayoitwa Navegante, uitie fedha kama unavyotia salio kwenye simu. Kadi hiyo moja utaitumia kwenye metro, basi, tramu, treni za karibu na hata boti za kuvukia mto. Kila mtu awe na yake. Watu wawili hawapiti kwa kadi moja.

Kuhusu malazi, ushauri wangu ni huu: usichukue chumba Alfama kwa sababu tu kinaonekana kizuri kwenye picha. Gari haliingii vichochoroni, ngazi ni nyingi, na sanduku la kilo 23 utalibeba mwenyewe. Tafuta karibu na kituo cha metro. Eneo la Arroios au Anjos lina bei za afadhali, na liko kwenye njia ya kijani inayokushusha katikati ya mji kwa dakika chache.

Kisha shika kanuni moja ya kutembea hapa. Lisbon ni mji wa vilima. Wenyeji wanahesabu saba. Panda kwa gari, shuka kwa miguu. Wageni wanaofanya kinyume wanaishia saa nane mchana wamekaa kwenye ngazi, hawana hamu ya kuona chochote. Siku zote zilizo hapa chini nimezipanga kwa kanuni hiyo.

Siku ya kwanza: Makumbusho ya Janelas Verdes

Jina lake kamili ni Museu Nacional de Arte Antiga, lakini wenyeji huliita kwa jina la mtaa wake, Rua das Janelas Verdes, yaani barabara ya madirisha ya kijani. Fika asubuhi, mlango ukifunguliwa. Muulize mlinzi: "Custódia de Belém?" Atakuonyesha njia.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hutumia kuonyeshea Ekaristi, mkate wao mtakatifu. Kimo chake ni kama sentimita 73, yaani mtoto mdogo aliyesimama. Kimetengenezwa kwa dhahabu na rangi za kioo zilizochomewa juu yake. Usikitazame kwa mbali. Sogea hadi pumzi yako ikaribie kuweka ukungu kwenye kioo, uanzie katikati: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na sura yake na nguo yake ya rangi, wadogo kuliko kidole. Juu yao kuna nguzo nyembamba na vikuba vilivyochongwa kama kanisa zima lililofinywa likaingia mkononi. Halafu inama utazame kitako. Kuna maua, ndege, na konokono wa rangi. Hapo kwenye shingo kuna tufe zenye pete, alama ya mfalme Dom Manuel wa kwanza.

Sasa tafuta maandishi yanayozunguka ukingo. Ni Kireno cha zamani, herufi zimebanana, hazisomeki kwa urahisi. Zunguka polepole mpaka uzikute herufi hizi tano: QILVA. Maneno yote yanasema kwamba mfalme mtukufu na bwana mwenye nguvu Dom Manuel wa kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kilikamilika mwaka 1506.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1502, Vasco da Gama alipokuwa safarini mara ya pili kwenda India, alitia nanga Kilwa akiwa na merikebu zenye mizinga. Alimlazimisha Amiri Ibrahim alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji ungepigwa. Dhahabu hiyo ilikuwa ile iliyokuwa ikitoka bara, nyuma ya Sofala, na Kilwa ilikuwa imetajirika kwa kuifanyia biashara kwa karne nyingi. Da Gama alirudi nayo Lisbon mwaka 1503. Mfalme akamkabidhi sonara, anayetajwa kuwa Gil Vicente, akaifanya chombo hiki. Kabla hata hakijakamilika, mwaka 1505, kundi jingine la merikebu za Wareno, chini ya Francisco de Almeida, lilikwisha fika likaiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Mimi nimesimama pale mara nyingi, na kila mara hunishika kitu kooni. Kazi ni nzuri mno. Aliyeifanya alikuwa na mkono wa ajabu, hilo nalikubali kwa moyo wote. Na mali ni ya Kilwa Kisiwani, pale pale penye msikiti mkuu na Husuni Kubwa, ambapo leo unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Mzee mmoja wa kwetu niliyempeleka alisoma jina lile, akavua kofia, akakaa kimya kwenye benchi muda mrefu. Mpe mgeni wako nafasi hiyo. Usimharakishe kwenda kupiga picha.

Ukitoka hapo, katika jengo hilo hilo kuna mapazia ya Kijapani ya kukunja yanayoonyesha Wareno wakishuka merikebuni nchini Japani. Tazama mabaharia vizuri: miongoni mwao wamo Waafrika, wengine wamening'inia kwenye kamba za mlingoti. Kuna pia mchoro maarufu wa Hieronymus Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antoni wa Misri, si yule wa Lisbon, ambao wapenzi wa sanaa husafiri mbali kuuona. Kisha nenda kwenye bustani ya nyuma, unywe kahawa ukitazama mto Tejo na bandari.

Mchana tembea kuelekea mashariki kama dakika ishirini hadi Rua do Poço dos Negros, barabara ya Kisima cha Weusi. Leo ni mtaa wa mikahawa. Jina lake linatokana na amri ya Dom Manuel huyo huyo. Mwaka 1515 aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika, kwa kuwa walikuwa wakiachwa juu ya ardhi. Pita hapo siku hiyo hiyo uliyoiona dhahabu.

Siku ya pili: Belém

Tramu 15 kutoka Praça da Figueira au Cais do Sodré inakupeleka Belém, ufukweni mwa mto, mahali ambapo merikebu zilikuwa zikiagwa. Da Gama aliondokea hapa tarehe 8 Julai 1497. Aprili mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, kisha Malindi, alikompata rubani wa kumvusha hadi India.

Anza na Mosteiro dos Jerónimos kabla ya saa nne asubuhi. Tiketi inunue mtandaoni. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na ushuru wa asilimia tano juu ya biashara ya Afrika na mashariki. Biashara hiyo ndiyo iliyosimamisha zile nguzo. Ziguse kwa macho: zimechongwa kamba za meli, mafundo, majani ya nchi za mbali. Ua wa ndani una ghorofa mbili, na jua la asubuhi likiingia kwa pembeni jiwe linakuwa na rangi ya asali. Kaa hapo nusu saa.

Kanisani, mara tu ukiingia, chini ya roshani ya kwaya, kuna makaburi mawili ya mawe. Moja ni la Vasco da Gama. La pili ni la mshairi Luís de Camões, aliyeitungia safari ile utenzi mrefu wenye Mombasa na Malindi ndani yake. Na ile monstransi ya siku ya kwanza, Dom Manuel aliiachia monasteri hii katika wasia wake.

Kwa mguu nenda mtoni. Utaona mnara mweupe wenye umbo la merikebu na watu 33 wamejipanga juu yake: Padrão dos Descobrimentos. Ulijengwa kwanza mwaka 1940 kwa vifaa vya muda, ukajengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960. Neno *padrão* ni lile lile wanaloitia nguzo ya Vasco da Gama iliyopo Malindi. Mbele ya mnara, chini, kuna dira kubwa ya mawe ya rangi yenye ramani ya dunia. Watoto hukimbia juu yake. Tafuta pwani yetu, usimame juu yake. Ni picha ninayoipenda kuliko zote za Belém.

Torre de Belém iko mbele kidogo. Ilijengwa kati ya 1514 na 1519 kulinda mdomo wa mto. Ndani ngazi ni nyembamba na hakuna mengi. Kwa maoni yangu inatosha kuizunguka nje. Chini ya kibanda kimoja cha ulinzi kuna kichwa cha kifaru kilichochongwa, kimelika na hewa ya chumvi. Kifaru halisi aliletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515, na mji mzima ulitoka kumtazama.

Rudi hadi Pastéis de Belém, duka lililoanza kuuza vikeki vyake mwaka 1837. Foleni ndefu unayoiona nje ni ya wanaonunua na kuondoka. Ingia ndani, kuna vyumba vingi vya kukaa, na mara nyingi unapata meza upesi zaidi. Kula vikiwa vya moto. Vinyunyizie mdalasini ulioko mezani, bila haya: gamba linavunjika, krimu inatoka, na harufu inakurudisha nyumbani siku ya sikukuu.

Siku ya tatu: ngome, Alfama, kisha chini hadi mtoni

Kabla ya yote, kuhusu tramu 28. Ni tramu ndogo za mbao na chuma za tangu miaka ya 1930, zinakwaruza kona hadi unaweza kugusa ukuta kwa mkono. Wataka kuipanda? Panda saa moja asubuhi Martim Moniz, au anzia mwisho mwingine, Campo de Ourique, ambako watu ni wachache. Saa tano mchana usijaribu. Vibaka hufanya kazi humo kila siku, na shemeji yangu alitolewa pochi akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili. Simu iweke mfuko wa mbele, begi lihamie kifuani.

Kwenda ngomeni kuna njia nafuu ambayo wageni wengi hawaijui. Katika Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya umma, bure, ndani ya jengo la kawaida. Inakupandisha hadi Rua da Madalena. Vuka kidogo, utakuta jengo la maegesho lenye duka la vyakula chini na lifti nyingine ndani yake. Ukitoka juu, ngome iko karibu. Asiyetaka kutafuta achukue basi dogo 737 kutoka Praça da Figueira. Bajaji pia zipo tele, zimepambwa, ila bei zake ni za watalii; patana kabla hujakaa.

Castelo de São Jorge ilikuwa ngome ya Waislamu, waliouita mji huu al-Ushbuna. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques aliuteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa wakipita kwenda mashariki. Juu ya kuta utaona mji wote: mapaa mekundu, mto mpana kama bahari, daraja jekundu. Tausi wanatembea kati ya watu. Ndani kuna pia misingi ya nyumba za mtaa wa Waislamu iliyofukuliwa. Usiiruke, maana pale ndipo unapoona vyumba vinavyozunguka ua wa ndani, mpango ambao mtu wa Lamu anaujua.

Sasa shuka. Pita Portas do Sol na Santa Luzia, sehemu mbili za kutazamia mandhari zilizo karibu karibu. Pale Santa Luzia kuna vigae vya buluu ukutani vinavyoonyesha uwanja wa ikulu ulivyokuwa kabla ya tetemeko la ardhi la mwaka 1755. Uangalie vizuri, siku ya nne utasimama hapo.

Kisha ingia Alfama bila ramani. Jina lenyewe ni la Kiarabu, *al-hamma*, chemchemi ya maji moto. Ndugu wa hamamu. Ukiteremka tu, mwishowe utafika mtoni, kwa hiyo kupotea hakuna hasara. Soma vibao vya mtaani ukiwa na Kiswahili kichwani. Mkahawa una *mesa*. Dirishani imening'inia *bandeira*. Bibi anafunga kichwa *lenço*. Fundi anauza *parafuso*. Na kila kona kuna kibao kimeandikwa *Igreja*, kanisa, neno ambalo kwetu limekuwa gereza. Nikiwa na watoto nawafanyia shindano la kuyatafuta, na huwa hawataki liishe.

Kanisa kuu, Sé, liko njiani ukiteremka. Lilianzishwa baada ya mji kutekwa, mahali ulipokuwa msikiti.

Siku ikiwa Jumanne au Jumamosi, kabla ya kushuka kabisa pinda hadi Campo de Santa Clara, kwenye gulio la vitu vya kale liitwalo Feira da Ladra. Pembeni yake ni Pantheon ya taifa, kanisa la Santa Engrácia lililoanza kujengwa mwaka 1682 na kumalizika 1966. Wareno hadi leo kazi isiyokwisha huiita kazi ya Santa Engrácia. Humo amezikwa mwimbaji Amália Rodrigues, na tangu 2015 amezikwa Eusébio, kijana wa Mafalala, Maputo, aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Dunia la 1966. Kaburi lake huwekewa skafu na maua.

Jioni sikiliza fado, nyimbo za Kireno za majonzi. Kanuni ni moja: mwimbaji akianza, taa hupunguzwa na watu hunyamaza, hata uma hausikiki. Usiongee. Chagua nyumba ndogo, uliza mapema kama kuna kiwango cha chini cha kutumia, na uende baada ya saa tatu usiku.

Siku ya nne: Baixa, Carmo na Rossio

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka. Waliookoka walikimbilia mtoni, penye uwazi. Maji yakavuta nyuma, kisha yakarudi kwa wimbi. Moto ukamalizia kilichobaki kwa siku kadhaa. Baixa yote unayoiona leo, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, ilijengwa baada ya hapo chini ya Marquês de Pombal. Ndani ya kuta zake kuna fremu za mbao zilizofungwa kwa mishalaba ili nyumba iyumbe bila kuanguka.

Anzia juu, Largo do Carmo. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme zinazokutoa upande wa Chiado. Kutoka hapo ni mwendo mfupi. Usipoteze saa kwenye foleni ya lifti ya Santa Justa ya mwaka 1902. Ni nzuri kuitazama, na ukiwa Carmo tayari uko juu yake. Reli ya Glória, ile iliyokuwa ikipandisha watu kutoka Restauradores, ilipata ajali Septemba 2025 na watu 16 wakafariki. Usiiweke kwenye mpango wako.

Kanisa la Carmo liliachwa bila paa tangu tetemeko. Matao yamesimama, juu ni mbingu. Ingia, kaa kwenye jiwe, inua uso.

Kwenye uwanja wa nje, tarehe 25 Aprili 1974, magari ya deraya na askari walioasi walizingira kambi ambamo waziri mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha. Jioni alisalimu amri, na watu wakawatia askari maua ya kanesheni kwenye midomo ya bunduki. Wanajeshi wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Kwa Mtanzania, kiwanja hiki kidogo chenye miti na kibanda cha kahawa ni mwisho wa habari iliyoanzia nyumbani. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye Msumbiji ilikuwa huru.

Teremka hadi Rossio, halafu Largo de São Domingos. Hapa Waafrika wa Lisbon, hasa wa Guinea-Bissau, hukutana kila siku: wazee wamesimama kwa makundi, akina mama wamepanga njugu na kola kwenye beseni. Salimia, utajibiwa. Kanisa la pembeni liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zilizopasuka kwa moto zimeachwa hivyo hivyo. Nje kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa hapa Aprili 1506, mwaka ule ule ulioandikwa kwenye monstransi.

Chakula cha mchana kitafute Mouraria na Martim Moniz, nyuma kidogo ya hapo. Rua do Benformoso ina mikahawa ya Wabangladeshi, nyama halali, wali, samosa. Kwingineko mjini, asiyekula nguruwe ajue maneno haya: *porco*, *presunto*, *chouriço*, *toucinho* na *banha*, yaani mafuta ya nguruwe. Hata supu ya kijani, *caldo verde*, huwekwa kipande cha chouriço. Omba *sem chouriço*. Samaki hana shida, na hapa samaki wapo wa kila aina. Mkahawani, mikate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hujaagiza ni vya kulipia ukivila. Huvitaki, mwambie mhudumu aviondoe.

Kwa swala ya Ijumaa, Msikiti Mkuu uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha. Ulifunguliwa mwaka 1985, na jumuiya yake ilijengwa kwa kiasi kikubwa na Waislamu wenye asili ya Kihindi waliotoka Msumbiji. Fika mapema, hujaa.

Alasiri fuata Rua Augusta hadi upite chini ya tao. Njiani watu watakunong'oneza wakuuzie bangi. Ni majani makavu tu, pita bila kujibu. Mbele yako utaona Praça do Comércio. Hapa palikuwa na ikulu ya Dom Manuel na ofisi ya biashara ya India, ambamo pilipili na dhahabu zilipimwa na kuandikwa vitabuni. Vyote viliangamia mwaka 1755. Wenyeji bado wanauita uwanja huu Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu.

Saa moja kabla ya jua kuzama tembea kando ya mto hadi Cais do Sodré, upande boti ya Cacilhas kwa kadi ile ile ya Navegante. Safari ni kama dakika kumi. Ng'ambo, kula samaki wa kuchoma. Wakati wa kurudi kaa upande wa kulia wa boti: utauona mji kutoka majini, uwanja mbele, ngome juu, Alfama imemwagika ubavuni, kama walivyouona mabaharia waliokuwa wakirudi na shehena ya Kilwa.